Muulize Bibi Muuguzi: "Waholanzi hawavai helmeti, wewe mbona umeishikia bango?"

Toleo lililopita binti mmoja wa Handeni aliniuliza kama amnunulie baba yake helmeti ya baiskeli au pesa hiyo anunue tairi. Nikamjibu kwa mistari sita: tairi likiwa bado lina meno, nunua helmeti. Nilidhani nimemaliza. Barua zilizofuata zimejaza pakacha, na nusu yake zinanigombeza. Nimechagua nne. Ya kwanza itakula nafasi ya wenzake, mniwie radhi, kwa sababu mwandishi wake amenitia kazini.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa hesabu huku Muheza. Naenda kazini na baiskeli yangu ya Swala, kilomita tisa kwenda na tisa kurudi, natoka alfajiri. Nimesoma ulivyomjibu binti wa Handeni nikaona umehukumu haraka. Uholanzi wanapanda baiskeli wakubwa kwa wadogo, na wanaovaa helmeti ni wa kuhesabu, lakini hawafi ovyo barabarani. Australia waliweka sheria ya lazima, matokeo yake watu wakaacha baiskeli. Uingereza naye mtafiti alipima akakuta magari humpita kwa karibu zaidi mtu aliyevaa helmeti kuliko asiyevaa. Sasa Bibi, hiyo helmeti inalinda kichwa au inalinda duka? — Mwalimu wa Hesabu, Muheza

JIBU: Marahaba Mwalimu. Hoja zako zina mashiko, si za kijiweni, nazo nitazijibu moja moja. Ila kwanza ujue anayekujibu ni nani. Nimefanya kazi miaka thelathini na moja katika wodi ya upasuaji, na baiskeli nimeipanda tangu nina miaka tisa. Sisi wanawake wa Tanga baiskeli si habari mpya. Mama yangu alinifundisha kwa kunishika karia na kuniachia bila kunitaarifu.

Mwaka 2014 nilikuwa natoka sokoni Ngamiani, navuka reli kuelekea mjini. Sikuwa na mwendo wowote, mwendo wa mtu anayetazama muhogo wa nani ni mzuri. Pindo la buibui likaingia kwenye cheni. Baiskeli ikasimama, mimi sikusimama. Bega lilifika chini kwanza, kisha kichwa, upande wa kulia, kikagonga ukingo wa saruji. Nilisikia mlio kama dafu linachongwa. Nikakaa palepale chini nikajiuliza maswali ambayo maisha yangu yote nimewauliza wengine: jina lako nani, uko wapi, leo siku gani? Nilijua ni Alhamisi. Nilijua hata deni la nazi nililoacha kwa muuzaji. Nilipoivua helmeti nikakuta povu limepasuka kutoka juu ya sikio hadi karibu na utosi. Bega liliniuma wiki tatu. Kichwa hakikuniuma hata usiku mmoja.

Najua utakachosema: mtu mmoja si ushahidi. Kweli kabisa, na nitakuongezea hoja ya kunipiga nayo. Wanaozijua helmeti wanasema povu linalofanya kazi vizuri hubonyea. Likipasuka, huenda lilichoka kabla ya kumaliza kazi. Kwa hiyo ile helmeti yangu ya ufa siionyeshi watu kama cheti. Naionyesha kwa sababu ninajua ukingo ule wa saruji ulikuwa unakutana na nini kama isingekuwepo.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Nazi ikianguka kwenye mchanga wa Raskazone na nyingine ikianguka kwenye sakafu, zote zimefika chini kwa kasi moja. Tofauti ni kwamba mchanga umeipa ile ya kwanza nafasi ya kusimama. Helmeti ni mchanga uliobebwa kichwani: sentimita mbili tatu za povu jeupe, ndugu wa lile linalokuja na televisheni mpya, linalobonyea ili fuvu lisisimame ghafla. Kipimo cha Ulaya kinachoitwa EN 1078 kinataka helmeti ivalishwe kichwa cha bandia na kuangushwa juu ya chuma bapa kwa kasi ya mita 5.42 kwa sekunde, na mshtuko unaofika kichwani usizidi mara 250 ya mvuto wa dunia. Wewe mtu wa hesabu utaona mara moja kwamba hiyo ni sawa na kuanguka kutoka mita moja na nusu, au mwendo wa kilomita 19.5 kwa saa.

Mita moja na nusu! Hapo ndipo kilipo kichwa chako ukiwa juu ya Swala. Maana yake helmeti imetengenezwa kwa ajili ya kupinduka: mchanga, tuta, mbuzi aliyekatiza, pindo la buibui. Haikutengenezwa kwa ajili ya lori la saruji linaloshuka kutoka Segera. Anayekuuzia akikwambia utapigwa na lori ukanyanyuka, huyo anauza hirizi, si helmeti. Lori halichagui kichwa. Linapita kifuani na nyongani, na huko povu halipo.

Kuna jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Ubongo umo ndani ya maji yake. Shika ndoo iliyojaa, izungushe ghafla kwa mkono: ndoo inazunguka, maji yanabaki nyuma. Kichwa kikipigwa kwa mshazari na kuzunguka namna hiyo, ubongo huchelewa na nyuzi zake huvutika, hata kama fuvu halina mkwaruzo. Vipimo vya zamani vilipima pigo la moja kwa moja tu. Siku hizi ziko helmeti zenye tabaka la ndani linaloteleza kidogo kupunguza mzunguko huo, fikra iliyotoka Sweden, ila bei yake nayo inazungusha kichwa.

Sasa takwimu. Ile namba maarufu, asilimia 85, ilitoka Seattle, Marekani, mwaka 1989. Madaktari walichukua waendesha baiskeli 235 walioumia kichwa, wakawalinganisha na wengine walioanguka lakini hawakuumia kichwa, wakatazama nani alivaa nini. Wakosoaji wakasema, na wana haki, kwamba anayevaa helmeti na asiyevaa si watu wa aina moja: mmoja ni mwangalifu wa kila kitu, mwingine anakata kona huku anaongea na simu. Basi ukaja ukaguzi mkubwa zaidi wa mwaka 2017, wa Olivier na Creighton wa Australia, waliokusanya tafiti 40 zenye majeruhi zaidi ya 64,000. Namba ikashuka: majeraha ya kichwa kwa jumla pungufu kwa asilimia 51, majeraha mabaya ya kichwa asilimia 69, na yale ya kuua asilimia 65. Yale maneno kwamba helmeti inavunja shingo hawakuyakuta.

Kuna watu walishangilia 85 kuwa 51, kana kwamba helmeti imefeli mtihani. Mimi nimefungua kabati la dawa miaka thelathini na moja. Nitajie kitu kimoja humo, cha kuvaa na kuvua, kinachopunguza balaa lolote kwa nusu bila kukuharisha.

Lakini sikiliza hapa, kwa maana ndipo wewe na mimi tunapopishana bila kugongana. Tafiti hizo zote zinahesabu watu waliokwisha kuanguka. Swali lake ni: umeshafika chini, je, kichwa kimepona? Hoja zako tatu zinauliza kitu kingine: mji mzima ufanye nini watu wasianguke, wasiache baiskeli, wasigongwe? Mtu anaweza kujibu ndiyo huku na ndiyo kule, na mdomo usipinde.

Uholanzi. Mholanzi helmeti yake imetandazwa chini. Ni ile njia nyekundu ya baiskeli iliyotengwa na magari, na dereva ambaye jana jioni naye alikuwa juu ya baiskeli. Nipe njia hiyo kutoka Muheza hadi Tanga mjini, helmeti nitaitundika ukutani nikuletee chai. Na hata huko, Mholanzi akipanda baiskeli ya mashindano, mwendo ukipanda, utamkuta ameivaa. Waendesha baiskeli za mashindano wenyewe walibishana sana: mwaka 1991 chama chao cha dunia kilipotaka kuwalazimisha kuivaa, waligoma kwenye mbio za Paris–Nice huko Ufaransa. Mwaka 1995 Mwitaliano Fabio Casartelli akaanguka kwenye mteremko katika Tour de France, akafa, kichwa wazi. Machi 2003 Andrei Kivilev wa Kazakhstan akafa kwa jeraha la kichwa, safari hii katika mbio zilezile za Paris–Nice walizogomea. Mwaka huohuo helmeti ikawa lazima.

Australia. Jimbo la Victoria lilianza sheria tarehe 1 Julai 1990, na waliohesabu baiskeli barabarani Melbourne waliona zimepungua, hasa za vijana. Hilo nalikubali. Lakini hoja hiyo inampiga askari, haiipigi helmeti. Mimi sijaomba sheria, na ikija nitaandika kuipinga. Huku kwetu anayepanda baiskeli ni muuza samaki, mwanafunzi, mlinzi wa usiku. Ukimsimamisha kwa kukosa helmeti umempa trafiki kitoweo kipya, na yule muuza samaki kesho atatembea kwa miguu na ndoo kichwani.

Halafu mtafiti wako wa Uingereza. Huyo ni Ian Walker, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Bath. Mwaka 2006 alifunga kipimo kwenye baiskeli, magari zaidi ya 2,300 yakampita, akakuta akiwa na helmeti yanamsogelea zaidi kwa wastani wa sentimita 8.5. Maskini aligongwa mara mbili katika utafiti wake mwenyewe, mara na basi mara na lori, na siku zote mbili alikuwa ameivaa. Hicho kisa nilikipenda. Lakini mwaka 2013 watafiti wengine walizipiga upya namba zake, wakasema magari mengi yalipita mbali zaidi ya mita moja, na kwa yale yaliyopita karibu sana helmeti haikuonekana kuleta tofauti. Sentimita nane na nusu ni upana wa kiganja changu. Mwalimu, magari ya barabara yako yana sentimita za kupunguza? Jambo moja zaidi: alipovaa nywele ndefu za bandia aonekane mwanamke, madereva walimpa nafasi kubwa zaidi. Kwa hesabu hiyo buibui langu ni kifaa cha usalama barabarani. Tatizo ni cheni, haikusoma utafiti.

Nimalizie na kilichonifanya nimjibu binti wa Handeni kwa haraka. Usiku mmoja tuliletewa kijana aliyeanguka na magunia ya mkaa. Aliingia akitembea. Kapiga panja kwenye jiwe, kazirai kidogo, kaamka, anaomba radhi kwa kuchafua sakafu. Tulimpa kitanda kwa sababu tu daktari wa zamu alikuwa mkaidi. Baada ya saa kama nne akatapika, akaanza kusinzia, mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko ya pili. Mfupa wa panja ni mwembamba na nyuma yake unapita mshipa wa damu; ukichanika, damu hujikusanya taratibu kati ya fuvu na ubongo, na mtu anayecheka saa mbili usiku haamki alfajiri. Huyu alipasuliwa kwa wakati, akapona. Nimewafunga macho wengine ambao ndugu zao walisema "alikuwa mzima, kala kabisa."

Kwa hiyo aliyegonga kichwa, awe na helmeti au asiwe nayo, mtazameni siku nzima na usiku wake. Akitapika tena na tena, akizidi kusinzia, akichanganya maneno, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, au maji maangavu yakitoka puani au sikioni, hospitali, usisubiri kuche.

Na wewe unayetoka alfajiri: kama pesa yako inatosha kitu kimoja tu, nunua taa ya nyuma na kiakisi kwanza. Helmeti inaanza kazi baada ya kuanguka. Taa inaanza kabla. Mwezi unaofuata ndipo helmeti. Naona tumekutana katikati, au siyo?

SWALI: Bibi, mimi ni mwashi, kofia ngumu ya saiti ninayo. Rafiki yangu wa bodaboda naye ananiuzia helmeti yake ya zamani. Ipi nivae kwenye baiskeli? — Fundi, Kahama

JIBU: Ya saiti iache saiti. Imetengenezwa kwa ajili ya tofali linalotoka juu, ndiyo maana ndani ina mikanda inayoning'iniza kofia, na pembeni haina kitu. Ukipinduka itatangulia kuondoka kabla hujafika chini.

Ya bodaboda itakulinda, hilo silipingi, lakini ina uzito wa kilo moja na nusu hivi wakati ya baiskeli haifiki hata nusu kilo. Kwa jua la Kahama, unakanyaga pedeli mwenyewe, utaivaa siku mbili, ya tatu utaitundika kwenye usukani. Tena inaziba masikio, na mwendesha baiskeli anaona kwa masikio. Na hiyo ya rafiki yako, muulize kwa kiapo: umeshaanguka nayo? Akisita kujibu, umejibiwa.

Mitumba zipo nzuri. Tazama ndani kama kuna kibandiko cha EN 1078 au cha CPSC, kipimo cha Marekani, bonyeza povu kwa kidole gumba sehemu zote, tafuta ufa, vuta mikanda. Povu likimegeka kama andazi la jana, rudisha.

SWALI: Asalaam aleikum Bibi. Navaa ushungi, helmeti hainikai. Na je, watoto wangu, wa miezi minane na wa miaka mitano, nao niwavalishe nikiwapakia? — Mama wa Watatu, Mabawa

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Ushungi wa ndani uwe mwembamba, wa kitambaa kinachonyooka, bila fundo kisogoni na bila pini hata moja kichwani. Pini ya ushungi chini ya helmeti ni msumari unaosubiri nyundo. Nywele zifunge chini, shingoni, si juu, la sivyo helmeti itasukumwa mbele. Ikae bapa, vidole viwili juu ya nyusi; ukiivaa kwa nyuma kama kofia ya bibi harusi, paji la uso liko wazi, na hilo ndilo hutangulia chini. Mikanda ikutane chini ya sikio, kifungo kikazwe hadi kidole kimoja tu kipite. Ushungi mkubwa utupie juu ukishafika. Mimi pindo la buibui nalibana kwa kibanio cha nguo, nimejifunza.

Wa miezi minane usimpakie kabisa. Shingo yake haijaweza kubeba kichwa chake mwenyewe kwenye matuta, sembuse na helmeti. Wa miaka mitano mvalishe, ila akishuka tu mvue. Watoto wamenyongwa na mkanda wa helmeti walipokwama kwenye matawi au bembea. Ndiyo maana Ulaya kuna kipimo cha pekee cha helmeti za watoto wadogo, EN 1080, kifungo chake cha kijani hujifungua kikivutwa kwa nguvu. Ninyi wa Mabawa mna miembe, unanielewa.

Na kabla ya kichwa, angalia mguu. Nilichokiona wodini kwa watoto wa kupakiwa ni visigino vilivyoingia kwenye spoki. Mwambie fundi asuke vipande vya tyubu pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Ataimaliza kabla wali haujaiva.

SWALI: Bibi, helmeti yangu imepata ufa mdogo nilipoanguka. Nikiipaka gundi ya viatu itafaa? — Msomaji, Pangani

JIBU: Haitafaa. Povu likishabonyea halirudi, na gundi inaziba ufa tu, hairudishi ile nafasi ya kusimama niliyomweleza Mwalimu. Kata mikanda yote kwa mkasi kabla ya kuitupa, maana ukiitupa nzima kesho utaiona kichwani kwa mtoto wa jirani.

Ile yangu ya mwaka 2014 niliikata mikanda nikaiweka kwenye kona ya banda la uani. Kuku wangu mwekundu aliichukua wiki hiyohiyo. Ametotoa humo vifaranga saba, mmoja kaliwa na kipanga.